Mwache Bi Mkubwa kaburini

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na sisi huku hatujambo. Ama baada ya salamu, nalijibu swali lako kwa urefu, maana limenigusa.

Unasema yule Bi Mkubwa, mwenye nyumba ya kupanga katika mchezo wenu wa redio, mmemuua katikati ya msimu, na tangu hapo hadithi imepoa. Wenzako wanataka arudi: leo kwa ndoto, kesho kwa mzuka, na likishindikana hilo, isemwe kwamba hakufa, aliyezikwa ni mwingine. Wewe unaniuliza kama marehemu anaweza kuendelea kuitawala hadithi bila kurudishwa. Anaweza, tena wakati mwingine hutawala zaidi ya alivyotawala akiwa hai. Tamthilia inayolionyesha hilo vizuri kuliko zote ninazozijua ni ile niliyokuwa nikiifundisha kila mwaka, Julius Caesar. Shakespeare aliiandika yapata 1599, na Mwalimu Nyerere akatutolea tafsiri yake ya Kiswahili mwaka 1963, akiwa tayari Rais wa Tanganyika.

Tamthilia ina matendo matano, na mwenye jina lake, mtawala wa Roma ya kale, anauawa mwanzoni mwa tendo la tatu. Akiwa hai tunamwona katika maonyesho matatu tu, na hatumwoni jabari. Sikio lake moja halisikii. Ana kifafa. Asubuhi ya kuuawa kwake mkewe anamsihi asitoke kwa sababu ya ndoto, anakubali, kisha anakuja mtu kuifasiri ndoto ile ile kwa maneno matamu, naye anageuka na kutoka. Huyo ndiye anayewanyima watu usingizi! Kabla hawajamuua, Brutus, rafiki yake aliyejiunga na wauaji, anawaambia wenzake kwamba wanachokipinga ni roho ya Caesar, na roho haina damu. Laiti wangeweza kuipata roho bila kuugusa mwili. Hawawezi. Basi wanauchoma visu mwili, na kuanzia hapo hadi mwisho wanapambana na kile ambacho visu havikukifikia.

Sasa tazama Mark Antony, swahiba wa Caesar, anavyomtumia maiti. Anashika joho la Caesar mbele ya umati, anakumbusha jioni ya kiangazi marehemu alipolivaa kwa mara ya kwanza, hemani, siku aliyolishinda kabila la Wanervii. Kisha anaweka kidole kwenye matundu, moja baada ya jingine: hapa kilipita kisu cha Cassius, hapa Casca, hapa Brutus aliyependwa. Lakini Antony hakuwepo! Wakati wa mauaji alikuwa amevutwa nje kwa hila, asingeweza kujua tundu lipi ni la nani. Anabuni, na umati unalia. Halafu anasoma wosia: kila raia wa Roma ameachiwa drakma 75, na bustani za marehemu zimekuwa mali ya umma. Mji unawaka moto. Mshairi asiye na kosa anauawa njiani kwa sababu tu jina lake, Cinna, linafanana na la mmoja wa wauaji.

Onyesho linalofuata ndilo ninalolipenda kuliko yote, na wengi hulipita haraka. Antony amekaa na wenzake wawili, sasa wao ndio wakubwa. Wanaandika majina ya watakaouawa. Kisha anamtuma mmoja akaulete ule wosia, waangalie namna ya kupunguza walichoachiwa watu. Wosia ule ule alioulilia hadharani! Hapo ndipo utaelewa marehemu anavyofanya kazi katika hadithi. Hawezi kukanusha, hawezi kufafanua, kwa hiyo kila aliye hai anamvuta upande wake, na kwa namna anavyomvuta tunamjua yeye mwenyewe.

Mzuka upo, sikatai. Unamtokea Brutus hemani usiku, naye alikuwa akisoma kwa taa inayofifia. Una majibu matatu mafupi tu, unamwambia wataonana Filipi, mahali pa vita vya mwisho, unaondoka. Baadaye Brutus anasema umemtokea tena, usiku wa jana, huko huko Filipi. Mara hiyo ya pili sisi hatukuonyeshwa, tumesikia kwa kinywa chake tu, na mimi huwa inanitisha kuliko ile ya kwanza. Kwa mtu anayeandikia redio, hilo ni somo kubwa. Wala mzuka sio unaowaua. Cassius anakufa kwa upanga ule ule aliomchoma nao Caesar, na anayasema hayo mwenyewe, kwamba Caesar amelipiza. Brutus anakufa akimwambia Caesar sasa atulie. Hata jina halikuzikwa: kule vitani kijana Octavius, mmoja wa wale wenzake wawili wa Antony, ndiye anayeitwa Caesar.

Kwa hiyo, mwanangu, usiulize Bi Mkubwa atarudije. Uliza ameacha nini mikononi mwa nani. Umeshahudhuria mazishi mengi ya kwetu. Kabla jeneza halijainuliwa husimama mzee wa ukoo na kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa naye ajitokeze pia. Uani kunanyamaza. Kuna anayetazama chini. Kuna anayeanza kusema, mkewe anamshika mkono. Kuna anayeinuka na kusema nimesamehe, na watu wote wanajiuliza alikuwa akimdai nini. Maiti haijasema neno, na kila mtu pale amejifunua. Ninyi mlimzika Bi Mkubwa bila tangazo hilo. Mkaacha kitu kikubwa pale.

Tena kuna riwaya ya Daphne du Maurier, Rebecca, ya mwaka 1938. Rebecca amekufa kabla hadithi haijaanza, na haji hata kwa mzuka. Lakini mwandiko wake umo ndani ya vitabu, vyumba vinaendeshwa alivyotaka yeye, na mtumishi wake mkuu ametunza chumba chake cha kulala kama anarudi jioni. Mke mpya wa mume wa Rebecca, ambaye ndiye anayetusimulia, hatajiwi jina lake mwanzo hadi mwisho. Jina la marehemu ndilo limeichukua nyumba. Angalia pia kwamba picha ya Rebecca tunayopewa na watu inakuja kugeuka kabisa. Ninyi, tangu Bi Mkubwa afe, kila mhusika anamsifu. Marehemu anayesifiwa na wote amekwisha, hana tena cha kuwafanyia. Wapangaji wawili wamkumbuke kwa namna mbili zisizopatana, na wote wawili wawe wakweli.

Kuhusu lile la kusema aliyezikwa ni mwingine, likatae kabisa. Wenzako watakutajia Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithini, na ni kweli: Arthur Conan Doyle alimuua mwaka 1893 kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi, na kwa shinikizo la wasomaji akamfufua mwaka 1903. Lakini katika kifo kile hapakuwa na maiti. Rafiki yake Watson alikuta nyayo, fimbo na barua, akakata shauri mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi. Ninyi mmewasikilizisha watu maiti ikioshwa, udongo ukitupwa, talakini ikisomwa. Mimi nililia, na jirani yangu alilia. Mkituambia kwamba tulilia bure, safari nyingine mtu akifa katika mchezo wenu tutaongeza sauti ya redio na kuendelea kumenya viazi.

Ningekuwa wewe, sehemu ijayo ningeianzia tarehe ya kodi. Wapangaji saba, na mwenye nyumba hayupo. Mpwa wake anagonga mlango na kusema Bi Mkubwa alimwachia kazi ya kukusanya. Kabla hajamaliza korido, yule fundi cherehani wa chumba cha mbele anasema alishalipa ya miezi sita mbele, mkononi mwa Bi Mkubwa mwenyewe, bila risiti. Na yule mama wa chumba cha mwisho, ambaye hajawahi kuongea katika mchezo wote, anasema yeye hakuwahi kutozwa kodi hata siku moja, na sababu anaijua yeye na marehemu. Sauti ya Bi Mkubwa tusiisikie kabisa.

Niandikie hiyo, unitumie kabla hamjarekodi. Baba yako anakusalimu.

Mamako