Kabichi peke yake haitoshi
Dada, umeuliza kama juisi ya kabichi na mapera vitaponya vidonda vya tumbo bila dawa. Endelea navyo. Pera lina vitamini C nyingi, na mwili unaihitaji kidonda kifunge. Lakini chanzo kikubwa ni bakteria, Helicobacter pylori, na hao hawafi kwa juisi. Kapime kinyesi au pumzi. Ukikutwa nao, utapewa omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni) na antibiotiki (dawa za kuua bakteria), mara nyingi kwa siku 14. Meza zote hata maumivu yakiisha siku ya tano. Na hiyo dawa ya maumivu, diklofenaki, unayosema unameza kwa ajili ya mgongo inachimba tumbo hilohilo! Mwombe daktari mbadala. Choo kikiwa cheusi kama lami, usisubiri kuche, kimbia hospitali.