Umepangiwa kufundisha Ukerewe? Nenda ukaripoti

Mdogo wangu, umeuliza kama uripoti kwenye shule ya msingi uliyopangiwa huko Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, au uanze kutafuta uhamisho kabla hujafika. Nimefundisha kisiwani miaka kadhaa, nilienda nikitokea Moshi bila kumjua mtu. Nenda.

Njia ni mbili: meli ya Mwanza hadi Nansio, au gari kupitia Bunda mpaka Kisorya, unavuka kwa kivuko kwenda Rugezi. Ukipelekwa Ukara, kisiwa cha jirani, utavuka tena kutoka Bugolora. Kwenye maji hayo ndipo MV Nyerere ilipozama Septemba 2018 ikiwa imezidisha abiria, wakafa watu zaidi ya 200. Chombo kikijaa shuka, hata kama Afisa Elimu anakusubiri.

Beba vyeti halisi, namba ya NIDA na akiba ya kukuvusha miezi miwili, maana mshahara wa kwanza huweza kuchelewa. Nyumba ya mwalimu usiitegemee. Chumba utaonyeshwa na mwenyekiti wa kitongoji. Ziwani usioge, kuna kichocho. Maji ya kuoga yalaze pipani siku mbili, ya kunywa chemsha.

Sasa kubwa kuliko yote: mahudhurio. Kuna wiki darasa linafurika, na kuna wiki madawati yako wazi, na walimu wageni hukimbilia kusema watu wa visiwani hawapendi shule. Wanawaonea. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti tena na mitumbwi inapumzika. Usiku wa giza mitumbwi inarudi alfajiri, na dagaa wasipoanikwa asubuhi hiyo hiyo wanaharibika. Shuka mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, mapema utawakuta wanafunzi wako wameinama mchangani, wanatandaza dagaa kwa viganja ili wasigandane, sare zimefungwa kwenye mifuko pembeni. Wengine hiyo ndiyo hela ya daftari. Elimu bila ada ilianza 2016, lakini daftari na sare bado ni juu ya mzazi.

Kwa hiyo mimi nilikuwa napanga kwa mwezi wa angani. Sehemu na desimali, majaribio, mada yoyote ambayo mtoto akiikosa amepotea, niliziweka siku za mbalamwezi. Siku za giza nilifanya marudio. Halafu mimi na mwalimu mkuu tukaenda kuongea na kina mama wenye dagaa, siyo kwa barua, tulikaa nao pale pale kwenye vichanja. Tukawaomba wawaachie watoto kabla ya kengele. Si wote waliokubali, ila waliokubali walisimamia wenyewe, wakiwafukuza watoto waende shule.

Anayechelewa akiwa na magamba mikononi, tafadhali usimchape. Mwache anawe, akae, umwonyeshe mlipofika. Huyo mtoto ameamka kabla yako.

Darasa la kwanza wengi watakuja na Kikerewe au Kijita tu, kwa hiyo omba mwalimu mwenyeji akae nawe wiki za mwanzo.

Uhamisho utauomba baadaye ukiona unauhitaji. Ukishajua ni kijiji gani, uliza hapa hapa, nitakuelekeza usafiri wa huko na siku ya gulio.