"Mtiririko wa msingi" ni maji gani?

SWALI: Natafsiri ripoti ya wahandisi kuhusu vijito vya Kilimanjaro ili isomwe na kamati ya watumia maji. Imetaja makadirio ya "kilele cha mafuriko" na "mtiririko wa msingi". Mzee mmoja wa kamati ameniuliza: huo msingi umechimbwa wapi? Je, nibadilishe? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Badilisha. Mzee ameuliza swali la haki kabisa. Tukisema "kuchimba msingi", kinachochimbwa ni handaki, na wapo wanaouita msingi mtaro wowote wa kupitishia maji. Mtu aliyekulia kando ya mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachagga, atadhani ripoti inasema maji yaliyokwisha kuchepushwa kwenda mashambani, kumbe inasema yaliyobaki mtoni. Katika kugawana maji, kosa hilo linaweza kuleta ugomvi.

Maji yenyewe ni haya: mvua ya msituni hupenya kwenye miamba ya volkano, ikaja kutokeza chini kama chemchemi. Ndizo zinazoufanya mto Kikuletwa uendelee kutiririka mvua zikikatika. Mbele ya kamati, sema "maji ya kiangazi". Wataelewa mara moja. Kwenye maandishi jina hilo linapungukiwa kidogo, kwa sababu maji hayo yapo hata wakati wa masika, ila yamechanganyika na ya mvua. Mimi ningeandika "mtiririko wa chemchemi", nikaeleza mwanzoni kwamba ndio unaobaki peke yake kiangazi. "Mtiririko wa chini" uepuke: msomaji hatajua kama ni chini ya ardhi au ni kiwango kidogo.

"Kilele cha mafuriko" nakikubali kwa sharti moja. Kujaa si kufurika. Mto umejaa maji yakiwa bado ndani ya kingo, umefurika yakishazipita. Kijito kilicho ndani ya korongo refu kinaweza kufikia kilele chake bila kumwaga tone nje. Hapo "kilele cha mtiririko" ndiyo kauli ya kweli. Tena usiandike "kilele cha mafuriko ya mlima", maana Moshi ukitaja kilele na mlima pamoja, watu watainua macho kuitazama Kibo.

Kitenzi "kukadiria" kibaki, wala usiweke "kukisia". Mhandisi aliyechukua eneo linalokusanyia kijito mvua, la kilomita 2 za mraba, akalizidisha kwa mvua ya milimita 30 kwa saa, akahesabu kuwa nusu yake huingia kijitoni, akapata zaidi kidogo ya mita za ujazo 8 kwa sekunde, huyo hajakisia. Na hayo maneno "kwa sekunde" usiyaangushe popote. Bila hayo, mita za ujazo 8 ni tangi moja tu la lita 8,000.