Sato wa nazi kwa mama mkwe

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Igoma, Mwanza. Mama mkwe anakuja kukaa wiki nzima. Yeye sato wake ni chukuchuku: nyanya, kitunguu, chumvi, basi. Mimi bila nazi sijapika. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pika chako.

Nina rafiki Mpemba, alimfuata mumewe Kirumba miaka mingi iliyopita. Mara ya kwanza kunikaribisha alipika michembe kwa tui. Michembe! Viazi vitamu vya kuanika, ambavyo sisi Wasukuma tunachemsha na karanga. Nilishika kijiko nikasita. Vile vipande vikavu vilikuwa vimelinywa tui lote, vimelainika mpaka katikati, na karanga alizotwanga zimeganda juu yake. Nilikomba bakuli. Tangu siku hiyo yule ni ndugu yangu. Hata msiba wa mama yangu alilala jikoni kwetu siku tatu.

Sasa sato wako: mkaange kidogo asivunjike. Nyanya ziive hadi zitoe mafuta, tia tui jepesi, kisha samaki. Tui zito liwe la mwisho, moto mdogo, ukikoroga taratibu ukingoni, maana likichemka limeachwa hukatika. Ndimu ukamulie ukishaepua.

Mama akisema nazi ni mgeni huku Ziwa Victoria, mwambie kwa adabu kuwa hata sato huyu alipandikizwa ziwani miaka ya 1950.

Ugali wa muhogo mwachie yeye asonge, nawe ukae karibu uangalie mkono wake.