Chakula cha moto, chakula cha baridi na damu pungufu

Pole, dada, na hongera ya mtoto. Mama mkwe anakukataza machungwa na matango hadi arobaini iishe, eti ni ya baridi. Kliniki nao wanasema damu imepungua. Usibishane naye. Supu yake ya nyama yenye pilipili manga na tangawizi ina madini chuma, iendelee. Wewe kamulia nusu ndimu bakulini, si sufuriani: moto mkali huharibu vitamini C, inayosaidia chuma kuingia mwilini. Ndimu nayo akiikataa, tafuna hoho mbichi. Chai, hata ya tangawizi, isubiri saa moja baada ya mlo au kidonge cha chuma, maana majani ya chai huzuia chuma kuingia mwilini.

Pedi ikilowa ndani ya saa moja, au ukipata homa au kizunguzungu, nenda hospitali mara moja.