Mezani kwa Bi Fundi: Inayolia haijafa

Mwezi huu nimechagua barua nne za kompyuta. Katika mbili, mwandishi ama ameshaambiwa anunue kitu kipya au ameshajiambia mwenyewe. Nimezijibu nikiwa mezani kwangu Ngamiani, Tanga, Barabara ya 12, umeme umekatika, na pembeni yangu kuna boksi la kompyuta ya mteja ambalo mende wamelifanya nyumba ya kupanga.

*Shikamoo Bi Fundi. Nina duka la steshenari hapa Muheza. Kompyuta yangu ya mezani imegoma tangu mvua za juzi. Nikiwasha, feni inazunguka, taa inawaka, halafu inatoa mlio mrefu, inanyamaza, inalia tena. Kioo cheusi tii. Fundi wa hapa anasema mazabodi imekufa, nimpe laki mbili na nusu aniletee nyingine. Nimpe?*

Marahaba mwanangu. Usimpe kwanza.

Huo mlio unaokukera ndio habari njema. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, prosesa, ule ubongo wa mashine, huamka na kusoma maagizo tunayoyaita BIOS, yaliyomo kwenye chipu ndogo iliyobandikwa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vipande vyote. Maagizo hayo yanaikagua RAM, kumbukumbu ya kazi za papo kwa papo, yanatafuta pa kutolea picha, ndipo yanaigeukia ile hadi diski, ghala la mafaili yako. Katika hatua hizo za mwanzo kioo hakijapata picha, kwa hiyo mashine ikikwama haina mahali pa kukuandikia. Inapiga mlio. Sasa niambie, umeona wapi maiti analia? Mazabodi iliyokufa kabisa haisomi maagizo, na isiyosoma maagizo haikuamshi kwa kelele. Yako inasema: nimeamka, nimeitafuta RAM, sijaiona. Milio hutofautiana kampuni na kampuni, lakini ule mrefu unaojirudia, kwa mashine zinazopita mezani kwangu, karibu kila mara ni RAM.

Chomoa waya ukutani. Sijasema zima, nimesema chomoa. Bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi hivi, umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu wa boksi na uguse bati lake kabla ya kugusa kingine chochote. RAM ni vile vibao vyembamba vilivyosimama wima karibu na prosesa, urefu wake kama nusu ya rula ya shule. Sukuma vishikizo vya pembeni, kibao kitachomoka. Chini yake utaona meno ya rangi ya dhahabu: RAM ya aina ya DDR3 ina 240, ya DDR4 ina 288, na machache tu yakishika uchafu au unyevu yanatosha kibao kizima kisionekane. Nyie Muheza mna ukungu wa Usambara, sisi wa mjini tuna chumvi ya bahari, na sote tuna vumbi.

Chukua raba ya penseli, na usiniambie huna, wewe ndiye muuzaji. Ile nyeupe laini. Ya bluu ya kufutia wino iache dukani, ile ni msasa, itakwangua dhahabu. Futa meno pande zote mbili, ukung'utie vumbi la raba nje ya boksi, si ndani. Tundu la RAM lipige brashi mpya ya rangi, kavu. Rudisha kibao kimoja tu, ukikandamize kwa vidole gumba viwili hadi vishikizo vijifunge vyenyewe, halafu washa. Kikikataa, kihamishie tundu la pili. Kikikataa tena, jaribu mwenzake. Na kama hakitaki kuingia usikilazimishe, umekigeuza: ule mkato wa chini haukuwekwa katikati kamili, na haukukosewa.

Nakueleza kwa urefu kwa sababu nina deni. Mwaka 2011 nilimuuzia mzee mmoja wa Chumbageni mazabodi nzima kwa ugonjwa huu huu. RAM yake nikaihamishia kwenye ubao mpya, mashine ikawaka, nikajiona bingwa. Ule wa zamani nikautupa chini ya meza. Miezi miwili baadaye nilihitaji ubao wa kujaribia, nikauchomeka, ukawaka bila tatizo. Kumbe kilichotibu ni kule kuchomoa na kuchomeka RAM. Pesa zake nilimrudishia, lakini si wiki ile, wala si mwezi ule.

Mazabodi hufa, sikatai. Ukiwa umefungua, tazama vile vipipa vidogo vya kapasita, vinavyotunza umeme kwa muda, vilivyosimama juu ya ubao. Vikiwa vimevimba vichwa au vimetoa ute wa kahawia, fundi wako ana hoja. Vikiwa bapa na visafi, na raba imeshindwa, azima RAM ya aina hiyo hiyo kwa jirani ujaribu kabla laki mbili na nusu hazijatoka mfukoni.

*Bi Fundi, kila asubuhi kompyuta ya ofisi yetu hapa Kondoa inasema ni Januari 2012, na tovuti zinagoma kufunguka zikidai si salama. Tumeweka dawa ya virusi mara tatu.*

Acheni kuipa dawa, haiumwi. Kwenye mazabodi kuna betri ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Ndiyo inayoitembeza saa mnapochomoa umeme jioni. Ikiisha, mashine hurudi kwenye tarehe iliyowekewa kiwandani. Tovuti nazo zina hati za usalama zenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Mashine inayoamini tuko 2012 ikiona hati ya mwaka huu, inaona haijaanza kutumika, inaikataa. Nunueni betri, upande wenye alama ya kujumlisha uangalie juu, wekeni saa. Barua za ofisi mlizohifadhi kwa tarehe za 2012 mtazisahihisha wenyewe, mimi simo.

*Dada Fundi, mjomba ametuletea kompyuta ya mezani kutoka Marekani. Tumeichomeka hapa Moshi, tukasikia "pa!", moshi mweupe, harufu kali. Nyumba nzima giza. Kila kitu ndani kimeungua?*

Poleni. Huenda si kila kitu.

Geuza boksi utazame mgongoni, pale waya wa umeme unapoingia. Hapo ndipo ilipo pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, na nyingi za zamani zina kiswichi chekundu, upande mmoja 115, upande wa pili 230. Soketi za Marekani hutoa volti 120 hivi, zetu 230, na mashine iliyotumika kule huwa imekaa kwenye 115. Hapo saketi ya ndani huuzidisha umeme mara mbili, ili kapasita mbili kubwa zipate kama volti 160 kila moja. Mkiiwasha Moshi swichi ikiwa vile vile, kila kapasita inapokea zaidi ya volti 300 wakati mwilini mwake pameandikwa 200. Ule mlio mliousikia ndio huo. Mimi nimeshazilipua mbili kwa njia hii. Ya kwanza nilikuwa sijui. Ya pili sina la kujitetea.

Mara nyingi pawa saplai hufa peke yake na kuwaacha wenzake wazima, kwa hiyo msilitupe boksi. Lakini pawa saplai yenyewe msiifungue, hata kama mna bisibisi na hamu, kwa sababu kapasita zake zinaweza kutunza umeme baada ya waya kuchomolewa. Toeni ile nzima, muende nayo dukani. Hesabuni matundu ya plagi kubwa inayoingia kwenye mazabodi: ya kawaida yana 24. Mashine nyingi za ofisini za Dell na HP, hasa za 2013 kuja juu, zina plagi zao wenyewe, za pini 8 au 6, na muuzaji asiyejua atawapa isiyoingia. Mkipata mpya, tazameni kama ina kiswichi. Ikiwa imeandikwa 100–240 bila kiswichi, inajirekebisha yenyewe.

*Shikamoo Bi Fundi. Mimi ni mwanafunzi Mombasa. Nataka kununua CPU mpya, hii yangu inachukua dakika sita kuwaka. Ndani ni Core i5, RAM GB 8, hadi diski GB 500. Ninunue ipi?*

Marahaba. Kwanza tuelewane: unataka CPU, yaani prosesa, au unataka boksi zima? Pwani nzima tumezoea kuliita boksi lote CPU, hata kwenye risiti tunaandika hivyo. Siku moja mteja aliniomba "CPU" kwa simu, nikamfungashia prosesa, kidude cha kukaa kiganjani. Alikuja na pikapu kuichukua.

Prosesa yako haina kosa, na RAM inatosha kwa kazi za chuo. Anayekuchelewesha ni hadi diski. Ndani yake mna sahani, kwa kawaida zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na mkono unaokimbia huku na huko kutafuta kilipo kila kitu. Safari moja ni milisekunde kumi na kitu. Ndogo, lakini Windows ikiwaka inaokota maelfu ya mafaili yaliyotawanyika, na mkono ni mmoja. SSD, diski ya chipu tupu, haina sahani wala mkono. Kuokota faili huichukua kama sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Nunua ya SATA, yaani ya plagi ile ile ya hadi diski yako, ya GB 240 au 256, inatumia waya wa aina ile ile, na hadi diski ya zamani ibaki humo humo kwa kuwekea picha na muziki.

Ila usiku huu, nyumba ikinyamaza, weka sikio karibu na boksi. Ukisikia "tik, tik, tik" kutoka kwenye hiyo hadi diski, huenda inakaribia kufa, nakili kazi zako za chuo kwanza. Dukani utakwenda kesho.