Jibu: Dunga na Kit Mikayi kwa siku moja, pamoja na mama

Habari dada. Umeuliza kama mkitoka Nakuru mkalala Kisumu, mnaweza kumaliza ufuo wa Dunga na mawe ya Kit Mikayi kwa siku moja, na mama ambaye magoti yanamsumbua. Mnaweza, ila anzeni na Dunga, tena mapema.

Kabla ya kulipia mashua, tazameni maji kwanza. Gugumaji husukumwa na upepo: leo maji yako wazi, kesho ufuo mzima ni zulia la kijani na mashua haitoki. Mwaka jana tulifika saa nane mchana, upepo wa ziwa umeshapanda, mawimbi yakatulowesha hadi mkoba wa dawa za mama. Saa moja asubuhi maji yametulia, wavuvi wanarudi na ndege wanalia kwenye mafunjo. Viboko watazameni kwa mbali; nahodha akisogea sana, mwambieni arudi nyuma. Asiye na jaketi la kuokolea kwa kila abiria, mwacheni.

Kuleni ngege (samaki aina ya tilapia) hapo hapo, kisha mpande matatu ya Bondo. Kit Mikayi ni kama kilomita 29 kutoka mjini. Mama asipande juu, njia ni ya kujipenyeza katikati ya mawe. Abaki chini kivulini. Kwa kweli mawe yale yanapendeza zaidi ukiyatazama kutoka hapo. Watu husali pale, kwa hiyo ongeeni kwa sauti ya chini na muulize kabla ya kupiga picha.